Tuma na ya Kutolea: Vituko vya Mapenzi Vinavyokataa Fundisho

Kitabu cha aina hii unakijua kabla hujasoma jina lake. Jalada ni la rangi ya waridi, lina glasi ya mvinyo au kiatu kimoja cha kisigino kirefu, na herufi zake zimechorwa kwa mwendo wa mtu aliyeshika rangi ya mdomo. Ndani, msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye kazi ya wastani na chumba cha kupanga katika jiji ghali, anasimulia wanaume aliowapenda vibaya: aliyemwalika chakula cha jioni akamwachia bili, aliyemzungumzia mchumba wake wa zamani mpaka kahawa ikapoa, aliyeaga anakwenda msalani na hajarudi hadi leo. Msomaji anacheka, msimuliaji anaachwa tena, ukurasa unafunguliwa.

Wahakiki makini huvipita vitabu hivi bila kugeuza shingo. Mimi navisoma, tena hadharani, kwenye daladala. Kumchekesha mtu kwa aibu yako mwenyewe kurasa mia tatu mfululizo, bila kujihurumia na bila kulipiza kisasi, ni kazi ambayo waandishi wengi wa tungo nzito wangeikimbia ukurasa wa kumi.

Kwa Kiingereza nasaba yake inajulikana. Tarehe 28 Februari 1995 gazeti la The Independent la London lilianza kuchapa safu isiyo na jina la mwandishi, iliyojifanya shajara ya mwanamke wa miaka thelathini na kitu anayehesabu kila asubuhi uzito wake, sigara alizovuta na glasi alizokunywa. Mwandishi alikuwa Helen Fielding na mhusika alikuwa wa kubuni, lakini ule mtindo wa hesabu na aibu waliurithi wanawake waliokuja kusimulia maisha yao halisi. Dolly Alderton, aliyewahi kuandika safu ya kutafuta mchumba katika The Sunday Times, alichapa kumbukumbu zake mwaka 2018 akiwa hajafikisha miaka 30, na BBC wakazifanya tamthilia mwaka 2022. Nyuma ya wote hawa yuko Nora Ephron wa Marekani, aliyegundua kwamba mumewe ana mwanamke mwingine wakati yeye ana mimba ya mtoto wao wa pili. Mwaka 1983 aliigeuza balaa hiyo kuwa riwaya ya kuchekesha, na mapishi akayatia humohumo. Ephron alikuwa akieleza siri ya kazi yake kwa ganda la ndizi: ukilikanyaga ukateleza, watu wanakucheka, ukisimulia wewe mwenyewe ulivyoteleza, kicheko ni chako.

Hapo ndipo penye ufundi wote. Ndani ya masimulizi ya namna hii mna wanawake wawili wenye jina moja. Mmoja yumo mgahawani, amevaa gauni la kuazima, anaamini kila anachoambiwa. Mwingine ameketi miaka mitatu baadaye, anajua kila kitu, na amejizuia asimwonye mwenzake. Kicheko kinatoka kwenye kule kujizuia. Akimwonya mapema, tumepata mahubiri. Akimsuta, tumepata majuto, na majuto ya mtu mwingine yanachosha upesi. Inabidi amwache aagize chakula, amwache atabasamu, amwache atume ule ujumbe wa saa sita usiku wenye nyuso tatu za kucheka, na sisi tuliokaa pembeni tukishika vichwa.

Yule mwanamume, kwa mshangao wa wengi, hana kazi kubwa. Katika kitabu kizuri cha aina hii hakumbukiki sana: ana viatu, ana harufu, ana neno analolirudia, basi. Anayechunguzwa ni mwanamke mwenye elimu yake na mshahara wake aliyeona dalili zote, akazipa kila moja maelezo mazuri.

Ila vitabu hivi vina ugonjwa, na unaanza kwenye theluthi ya mwisho. Ghafla msimuliaji anaacha pombe. Anaanza kwenda kwa mshauri nasaha. Anatembea peke yake ufukweni na kugundua kwamba penzi la kweli lilikuwa la marafiki zake, au la nafsi yake, na sentensi zilizokuwa zikiruka zinaanza kutembea kwa mkongojo. Hata ile shajara ya 1995, ilipofanywa riwaya mwaka uliofuata, ilipanda mgongoni mwa hadithi ya Jane Austen ya mwaka 1813, hivyo msomaji anajua mapema nani ataishia na nani. Nimejenga mazoea ya kuviacha vitabu hivi kurasa sitini kabla ya mwisho. Sijawahi kukosa kitu. Mchapishaji wa London naye, inaelekea, ana shangazi ndani yake anayeuliza: sasa mwanangu, umejifunza nini?

Swali hilo kwetu ni kubwa zaidi. Nalitaja kwa sababu mara nyingi nasikia ikisemwa kwamba wanawake wa Kiswahili hawaandiki vitabu vya namna hii kwa kuwa wana haya, au kwa kuwa mambo ya kutoka na watu usiowajua ni ya Wazungu. Anayesema hivyo hajawahi kusukwa.

Keti saluni ya Sinza, Dar es Salaam, Jumamosi mchana. Wasusi watatu kwenye kichwa kimoja, feni inayosukuma joto kutoka ukuta huu kwenda ule, luninga imewashwa bila sauti, na mteja mmoja ambaye kichwa chake kimeshikwa lakini mdomo uko huru. Huyu niliyemsikia ni mhasibu. Alikutana na mwanamume kwenye sendofu ya binamu yake. Tumwite Kelvin, kwa kuwa ndivyo alivyojiita na kwa kuwa nina hakika si jina lake. Kelvin alikuwa mkandarasi wa barabara, au alijua mengi kuhusu barabara. Wakaandikiana wiki mbili, kisha akamwalika ufukweni kula changu wa kuchoma. Bili ilipokuja, Kelvin akapapasa mifuko yote minne, ule wa shati mara mbili, akasema simu imezima chaji na pesa zote zimo humo. Mama, nilipie kwa lipa namba, nakurudishia usiku huuhuu. Dada akalipa.

Usiku ule pesa haikurudi. Asubuhi ulikuja ujumbe: gari limeishiwa mafuta Kibaha, naomba elfu ishirini, nitarudisha zote kwa pamoja, tuma na ya kutolea.

“Mie huyo,” akasema yule dada, “na CPA yangu.” Akaingiza namba aliyopewa. Na kama kila anayetuma pesa kwa simu ajuavyo, kabla hujaweka namba ya siri mtandao unakuonyesha jina la mwenye laini. Likaja jina la mwanamke, majina matatu kamili. Hapo saluni nzima ilinyamaza, na hata msusi wa kushoto akashikilia nywele hewani bila kuzikunja.

Sasa sikiliza alivyofikiri, maana hapa ndipo alipowashinda waandishi wa London. Alifikiri ni mama yake. Alikumbuka kwamba wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, ile kazi iliyofikia ukomo wake Januari 2020, watu wasio na kitambulisho cha NIDA walisajiliwa na ndugu zao. “Nikasema, mwanaume anayetumia laini ya mama yake ni mwanaume wa familia.” Akaguswa. Akatuma.

“Na ya kutolea?” akauliza msusi.

“Na ya kutolea nikaweka.”

Kesho yake mwenye laini akapiga simu mwenyewe kushukuru. Dada, kwa adabu ya mkwe mtarajiwa, akasimama, nyumbani kwake, peke yake, akasema shikamoo mama. Sauti upande wa pili ikajibu: “Marahaba. Lakini mimi siyo mama yake.”

Kelele iliyofuata ilimtoa fundi cherehani wa mlango wa pili. Hakuna aliyemuuliza yule dada amejifunza nini. Waliuliza alivaa nini, changu alikuwa mkubwa kiasi gani, na kama Kelvin alikula kichwa cha samaki. Alikula. Hayo ndiyo maswali ya wasikilizaji wanaoijua sanaa hii. Kisa chenyewe kina kitu ambacho mwenzetu wa London hana. Kule bili ni aibu ya dakika tano. Huku, tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, kila upumbavu wa mapenzi una ujumbe wenye tarehe, saa, namba ya muamala na makato. Mkenya aliyetuma nauli kwa binti asiyetokea anapeleka ule ujumbe namba 456 akiomba muamala urudishwe, na binti aliyekuwa amekwishaila nauli anabaki akijadiliana na mashine. Shajara tunayo tayari, imo kwenye simu. Ni nadra tu mtu kuigeuza kitabu.

Na nadra hiyo ina historia. Maandishi ya wanawake kwa Kiswahili yanaanzia, kwa wengi wetu shuleni, na Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utenzi mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Ni utungo mzuri, na ni orodha ya maagizo: namna ya kumlaza mume, namna ya kumkanda, namna ya kumwandalia chakula anapoamka. Anagusia kwamba yeye na mumewe waliishi kwa furaha na kicheko. Walicheka nini? Hatuambiwi. Ningetoa beti ishirini za maagizo nipate mbili za kile kicheko.

Miaka minane baada ya utenzi ule, Agosti 1866, binti wa Sultani wa Zanzibar, Sayyida Salme, alitoroka usiku kwa meli ya kivita ya Waingereza akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, jirani yake, Rudolph Heinrich Ruete. Nyumba zao zilipakana. Hakuna mwandishi wa mapenzi ambaye asingetoa jino lake apate kisa hicho. Salme mwenyewe aliandika kumbukumbu zake, zikachapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na ndani yake utapata mavazi, vyakula, ndugu, watumwa, shule, magonjwa, ugomvi wa kifalme. Lile penzi analipitia kwa haraka ya mtu anayevuka barabara yenye magari. Simlaumu, alikuwa amelipa kwa nchi, dini na ndugu. Mumewe akafa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu kule Hamburg, akamwacha na watoto watatu wadogo. Nasema tu kwamba mwanamke wa kwanza wa Zanzibar kuchapa maisha yake alikuwa na kisa kikubwa kuliko vyote na akakifunika. Sitara ilianza mapema.

Baadaye zikaja njia za kukifunua, zote zikiwa na mlinzi mlangoni. Gazeti la Taifa Leo la Kenya lina safu yake ya Shangazi, ambako msichana anaeleza kwa mistari sita balaa ambalo lingetosha sura nzima, kwa sababu nafasi iliyobaki ni ya jibu. Shangazi ana ulimi mkali na mara nyingi ndiye anayechekesha, lakini tazama kilichotokea: kicheko kimehama kutoka kwa aliyeteleza kwenda kwa anayemshauri. Kipindi cha Patanisho cha Radio Jambo ya hukohuko Kenya, kilichojengwa na watangazaji Gidi na Ghost, kinakwenda mbali zaidi. Mtu anapiga simu kuomba kupatanishwa, mwenzake anapigiwa hewani, na taifa zima la watu walio kwenye matatu linasikia akijibiwa kwamba amechokwa. Nimecheka mimi pia, sana. Ila kwa kipimo cha Ephron yule mpiga simu ameteleza mbele ya watu, na ganda la ndizi wamelishika watangazaji.

Hata jikoni kwetu hali ni hiyohiyo. Kwenye kitchen party ya Dar es Salaam, wanawake wakishavaa sare na wanaume wakishafukuzwa, hadithi zinazotolewa pale kuhusu waume, wachumba na waliokimbia zingeweza kuuza vitabu. Mama mmoja mnene mwenye kilemba atakuangusha chini kwa kicheko akieleza jinsi alivyompikia mchumba biriani la watu kumi na mchumba akaja na watu kumi. Lakini anazitoa kwa kibali. Kibali ni bi harusi aliyekaa katikati amefunikwa, maana yote hayo rasmi ni mafunzo. Mwondoe bi harusi, na yule mama atakuambia hawezi kusimulia mambo ya namna hiyo mbele za watu.

Kanisani napo kuna ushuhuda, ambao nauheshimu kama umbo la usimulizi kuliko wachungaji wengi wanavyoweza kudhani. Una mwanzo wa kuvutia, una vituko, una sauti. Kisha dhambi zinapoanza kunoga, Bwana anaingia na hadithi inakwisha. Wasichana wengi wanaoandika visa vyao leo wamelelewa na fomu hizi mbili, mafunzo na ushuhuda, hata wale wasiokanyaga kanisani. Chukua kisa cha Kelvin, mpe mwandishi wa kawaida akiandike. Sentensi ya kwanza: “Dada zangu, naandika haya kwa uchungu ili wengine mjifunze.” Ya mwisho: “Tuwe makini.” Katikati, mama mkwe hayumo, kusimama hakumo, na ya kutolea imesahaulika.

Wakati fulani niliamini kwamba tukiondoa fundisho, mambo yatakuwa sawa. Siku hizi naona kuna sababu nzuri kwa nini fundisho limeng'ang'ania, na mwandishi wa London hakulazimika kuifikiria. Kucheka aibu yako ni anasa ya mtu aliyefika nyumbani salama. Yule msichana wa jalada la waridi anapoteza heshima, usingizi na pengine ajira ya muda. Mpaka Novemba 2021 msichana wa Tanzania aliyepata mimba akiwa mwanafunzi alikuwa akifukuzwa, na shule ya serikali haikumpokea tena. Umri uleule, kosa lilelile la kumwamini mtu aliyejua kuzungumza, na hesabu mbili ambazo huwezi kuziweka kwenye daftari moja. Huyo ukimwomba akuchekeshe, kosa ni lako.

Kuna na hofu nyingine, ya karibu zaidi. Tarehe 27 Januari 2024 wanawake kwa maelfu waliandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake, baada ya mauaji yaliyotokea mapema mwezi huo katika nyumba za kupanga kwa siku chache. Tangu hapo nasikiliza visa vya mapenzi kwa sikio jingine. Kila kisa sasa kina shoga aliyebaki nyumbani ameshika simu, anayeona nukta ya rafiki yake ikisogea kwenye ramani, mwenye namba ya usajili wa bodaboda na picha ya mwanamume aliyopigwa kwa siri akisoma menyu. Saa mbili na nusu anapiga simu: “Mtoto ana homa!” Mtoto hayupo. Ukitaka kuendelea kukaa unajibu mpeni panado; ukitaka kuondoka unalia. Nimesikia kisa cha msichana aliyependezwa sana na kijana wa watu akajibu mpeni panado, kijana naye akasimama kwa hasira: una mtoto na hukuniambia? Kichekesho hicho kimejengwa juu ya hofu ya kuuawa, na hakidhoofiki kwa sababu hiyo. Kinapata uzito. Mwandishi mwenye kipaji angeweka vyote viwili kwenye meza moja, na asingeandika aya ya kueleza kwamba amefanya hivyo.

Tofauti nyingine ni ya watu. London unatoka na mgeni, na akishapotea amepotea kweli, ndiyo maana programu za simu za kuchumbiana zimewapa waandishi wa kule malighafi isiyokwisha. Huku hakuna mgeni. Kelvin alikuwa kwenye sendofu ya binamu, kwa hiyo kuna mtu aliyemwalika, kuna kamati iliyopokea mchango wake kama aliutoa, kuna shangazi aliyewaona wakibadilishana namba akaanza kuulizia kabila. Mapenzi yakifa, msiba una watu. Hata sheria inalijua hilo. England na Wales zilizifuta kesi za kuvunja ahadi ya ndoa kuanzia tarehe 1 Januari 1971. Mwaka huohuo Tanzania ilitunga Sheria ya Ndoa, ambayo kifungu chake cha 69 kinamruhusu aliyeahidiwa kuolewa au kuoa kisha akaachwa kudai fidia, na cha 71 kinaruhusu kudai zawadi zilizotolewa kwa matarajio ya ndoa. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 160, inadhania ndoa kwa walioishi pamoja miaka miwili na kujulikana hivyo. Mhesabu mwanamume aliyekuja kulala siku mbili “mpaka nipate chumba”! Majalada ya kesi za namna hiyo ni kumbukumbu za vituko vya mapenzi, ila kila mdai ameficha upumbavu wake mwenyewe na kuacha wa mwenzake tu, kwa hiyo hayachekeshi hata kidogo.

Kosa hilohilo ndilo linaloharibu mengi yanayoandikwa sasa. Picha za mazungumzo, sura ya mwanamume, namba yake ya simu, mahali anapofanya kazi, na maneno “mwogopeni huyu.” Kuna wakati onyo la namna hiyo ni la lazima, na aliyepigwa au kutapeliwa hana deni la kumchekesha mtu. Lakini ni mashitaka, na mashitaka yana hatari zake kwa wanaoshitaki pia. Julai 2025 programu ya Marekani iitwayo Tea, ambamo wanawake waliambizana habari za wanaume, ilidukuliwa na picha kama 72,000 zikavuja, zikiwemo nyuso na vitambulisho ambavyo wanawake hao walikuwa wamevitoa ili kujithibitisha. Aliyeingia kumfichua mwingine akafichuliwa yeye.

Msimuliaji wa vituko hahitaji jina la mtu. Ona kwamba hujui lolote la kumtambulisha Kelvin isipokuwa mifuko minne na kichwa cha samaki, na bado ungemtambua akiketi mbele yako. Yule dada hakumtaja hata kwa wasusi, ambao walimwomba sana. Alichokitaja, kwa usahihi wa kihasibu, ni kila hatua ya hoja iliyomfikisha kwenye kutuma pesa. Mwandishi anayefanya hivyo hawezi kushitakiwa na mtu, isipokuwa na ndugu zake.

Na ndugu ndio kikwazo cha mwisho, pengine kikubwa kuliko vyote nilivyovitaja. Nilipomfuata yule dada nje, rasta zikiwa zimekwisha chovywa maji ya moto na kitambaa begani, nikamwambia kisa kile kiandikwe, tena kama alivyokisema, kisiongezwe neno la kuonya mtu. Akanitazama kama niliyemwomba mkopo.

“Mama atasoma,” akasema. “Asiposoma yeye, mama mdogo atamsomea, tena kwa sauti.”

Nikamuuliza kama hamhofii Kelvin mwenyewe.

“Kelvin?” Akafungua mlango wa Bajaji. “Kelvin hasomi kitu kinachozidi jina la mtumaji na kiasi.”